Mwaka wa Kupima Mioyo ya Panya

Tulimzika Profesa Ireri Jumamosi moja yenye ukungu, kwenye shamba lake la Kibugu, pale ambapo majani chai yake yanapakana na msitu. Mpwa wake alisoma wasifu: shule alizosoma, nchi alizoishi, kamati alizoongoza, miaka aliyokuwa mzee wa kanisa. Wanja alikuwa ameketi kando yangu chini ya hema, nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu, ingawa hatukupishana sana kwa umri. Msomaji alipofunga karatasi na watu wakaanza kuimba, Wanja aliniinamia. “Wameruka ule mwaka,” akasema. Nikamwambia labda hawaujui. “Sisi tunaujua,” akasema. “Wewe ndiye unapenda kuandika, Kananu. Uandike.” Kisha tukaenda kupanga foleni ya chakula, tukala wali na nyama tukiwa tumesimama, tukaulizana habari za watoto. Hatukuutaja tena. Lakini tangu siku ile nimeshindwa kufikiria kitu kingine, na hapa Meru, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, najikuta nimeshika proba ya mashine ya altrasaundi mkononi bila kuiweka popote, nikikumbuka chumba kimoja cha mabati.

Chumba hicho kilikuwa katika kituo kidogo cha utafiti nje ya mji wa Embu, upande wa kupandia mlimani. Zamani kilikuwa stoo ya mbolea, na siku za mvua harufu yake ilirudi. Kulikuwa na meza moja ndefu, sinki, dirisha lililotazama mashariki, na mashine ya altrasaundi iliyowahi kutumika kupima akina mama wajawazito kabla ya hospitali iliyokuwa nayo kununua nyingine. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kumaliza diploma ya kupiga picha za matibabu, na kazi niliyopewa kwa mkataba wa mwaka mmoja ilikuwa kupima mioyo ya panya weupe wa maabara. Wanja ndiye aliyekuwa na utafiti. Alikuwa akisomea udaktari wa falsafa huku akifundisha, na Profesa Ireri alikuwa msimamizi wake na mkuu wa kituo. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kupima moyo. Nikasema wa mtu mzima, ndiyo, na wa mtoto mara chache. “Huu ni mkubwa kidogo tu kuliko punje ya maharagwe,” akasema, “na unapiga mara tano au sita wakati wako umepiga mara moja. Usiogope. Mimi pia niliuogopa.”

Niliuogopa kwa wiki nyingi. Panya alidungwa sindano ya usingizi, akanyolewa kifua, akalazwa chali juu ya kibao, miguu imeshikwa kwa plasta, kisha nikampaka jeli na kumwekea proba ndogo ya watoto wachanga. Picha ya kawaida ya moyo haikufaa. Mashine yetu ilikuwa polepole kuliko moyo wenyewe, kwa hiyo kuta zake zilionekana kama uji unaochemka. Wanja akanifundisha njia nyingine. Unachagua mstari mmoja tu unaokatiza moyo, na mashine inauchora mstari huo tena na tena ukisogea kwenye kioo, mpaka ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma wa moyo zinaonekana kama safu mbili za vilima vinavyokaribiana na kuachana. Ukipima nafasi iliyo kati ya kuta hizo moyo ukiwa umetanuka, halafu ukiwa umejikunja, unajua una nguvu kiasi gani. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mkono ilikuwa taabu, kwa sababu nikikandamiza kidogo tu kifua kile chembamba, vilima vinalala. “Unambana,” Wanja alikuwa akisema nyuma yangu. “Huo mkono ni wa kupima watu. Uwache uwe mwepesi.” Mwishowe nilijifunza kuegemeza kifundo cha mkono juu ya taulo lililokunjwa, nikawa naishika proba kama mtu anayeshika yai bichi. Siku nilipopata safu ya kwanza safi, vilima vyote vimesimama sawasawa, Wanja alizunguka meza akanipa mkono kama tunavyosalimiana kanisani, kwa mikono miwili.

Tulikaa pamoja katika nyumba ya vyumba viwili mjini. Mume wake alikuwa mwalimu huko Karurumo na mtoto wao, Mutugi, alikuwa kule na baba yake, kwa hiyo Wanja alienda nyumbani Ijumaa na kurudi Jumapili jioni na ndizi, nduma, na wakati mwingine njahi, yale maharagwe meusi, zilizochemshwa tayari. Nilimwita Mama Mutugi, naye aliniita Kananu tu. Tukizungumzia kazi tulitumia Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza cha darasani, lakini tukichoka kila mmoja alirudi kwake, mimi Kimeru, yeye Kiembu, na tukasikizana bila shida. Jikoni kulikuwa na pazia badala ya mlango. Upande mmoja kulikuwa na jiko la gesi na sufuria zetu tatu, upande wa pili kitanda changu. Wakati wa jioni nilichagua mawe kwenye maharagwe huku yeye akinieleza utafiti wake, na ni pale, si maabarani, ndipo nilipouelewa.

Kuna dawa ya saratani ambayo inaokoa watu wengi, lakini kwa wengine inaudhoofisha moyo polepole. Mgonjwa anamaliza matibabu akishangilia, halafu anaanza kuchoka akipanda kilima kidogo, na anapofika hospitalini moyo umeshalegea. Swali la Wanja lilikuwa hili: je, picha inaweza kuuona udhaifu huo mapema, kabla mnyama mwenyewe hajaonyesha dalili, na kama inaweza, ni lini? Nusu ya panya walipewa dawa, nusu wakapewa maji ya chumvi, nami nikawapima kila wiki. Kufikia wiki ya pili tu, mioyo ya waliopewa dawa ilikuwa imelegea waziwazi. Profesa alifurahi mno. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevaa koti zito miezi yote, na alikuwa amebakisha muda mfupi astaafu. Aliichukua grafu yetu akawaonyesha wakuu wenzake katika mkutano, na kazi hiyo ikakubaliwa kusomwa kwenye kongamano kubwa. Aliporudi alituletea keki. “Wiki ya pili,” alikuwa akirudia, akitikisa kichwa. “Hakuna mtu amewahi kuona hii kitu mapema hivyo na mashine kama yetu.”

Ilikuwa msimu wa baridi, ule wa ukungu unaoshuka kutoka mlimani na kukaa mpaka karibu saa sita. Asubuhi moja stima zilipotea. Tuliketi tukinywa chai ya termosi, tukasubiri, Wanja akaenda darasani na kurudi, na stima zikarudi mchana, jua lilipokuwa limetoka na mabati ya paa yameanza kulia kwa joto. Tukaanza na wale waliopewa dawa, kama kawaida, kwa sababu Wanja alikuwa na darasa kila siku saa nne na alitaka wao wapimwe mbele ya macho yake kabla hajatoka; wale wa maji ya chumvi niliwapima baadaye mchana, chumba kikiwa kimepata joto. Niliweka proba. Vilima vilisimama wima. Nikapima wa pili, wa tatu. Mioyo ile ilikuwa mizuri kama ya wale wa maji ya chumvi. Nilimwambia Wanja mashine imeharibika. Aliigusa hapa na pale, akaangalia waya, akaniambia nirudie, na vilima vikasimama tena. Kisha alifanya jambo ambalo hatukuwa na mazoea nalo. Alimfungua panya plasta, akamweka kwenye kiganja chake na kumfunika kwa kiganja cha pili, akakaa hivyo. “Huyu ana joto,” akasema mwishowe. “Kananu, wale wa asubuhi wanakuwaje mkononi?” Nikafikiri. Wale wa asubuhi, wamenyolewa kifua, wamelowa jeli, wamelala usingizi wa dawa kwenye kibao kitupu ndani ya chumba cha mabati, walikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Kitanda kidogo cha umeme cha kuwapasha joto kilikuwa kimeungua kabla sijafika pale, na kila mtu aliona kitanunuliwa tu siku moja.

Kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa bado dirishani, tulimchukua panya wa maji ya chumvi, ambaye hajawahi kudungwa dawa ya saratani, tukampima wa kwanza. Moyo wake ulikuwa umelegea kama wa mgonjwa. Wanja alijaza maji ya moto katika chupa ya soda, akaizungushia kitambaa, akailaza ubavuni mwa mnyama. Mimi nilishikilia proba. Kidogo kidogo, mbele ya macho yetu, vilima vikaanza kuinuka na kusogeleana, na mapigo yakaharakisha, mpaka kioo kikajaa safu ileile nzuri. Tulikuwa tumepima baridi ya Embu tukaiita ugonjwa. Sikuona furaha yoyote ya kugundua. Wanja aliketi kwenye kiti, akaondoa miwani, akasema, “Sawa. Sasa tunajua.” Nimesikia watu wengi wakipokea habari mbaya tangu siku hiyo, maana kazi yangu ndiyo hiyo, na wachache sana huanza na maneno hayo.

Tulienda kwa Profesa pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya mifuko ya koti. “Wanja, hii ni kasoro ndogo,” akasema. “Iandike kwenye ile sehemu ya mapungufu, tuendelee.”

“Si ndogo, Prof. Ukiondoa baridi, wiki ya pili haina kitu.”

“Na unataka nifanye nini? Niombe wanyama wengine? Umekaa na mimi kwenye kamati inayotoa ruhusa ya wanyama, unajua vile watauliza. Watauliza hawa wa kwanza tutawaua bure kwa nini.”

“Tuwaambie ukweli.”

“Kwa hivyo unataka tuue wengine ndio roho yako itulie.” Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana liliuma. Wanja alijibu kwa sauti yake ileile ya darasani.

“Prof, tukisema udhaifu unaonekana wiki ya pili, daktari mahali fulani atampima mtu mapema, aone moyo uko sawa, amwambie uko salama, na aendelee kumpa dawa. Na udhaifu utakuwa bado unakuja. Hao panya wa kwanza watakuwa wamekufa ili tudanganye mgonjwa.”

Profesa alitazama dirishani. “Nilisimama mbele ya watu na hiyo grafu,” akasema. “Nendeni. Mniache nifikirie.” Lakini alipotuita baada ya wiki moja, jibu lake lilikuwa hapana.

Jioni hiyo nilikuwa upande wangu wa pazia nikikunja nguo. Wanja alikuwa jikoni, anaongea kwa simu, kwa Kiembu. Sikukusudia kusikiliza, lakini pazia si ukuta. Alikuwa akiongea na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa; kuhusu dada huyo nilijua tu kwamba alifariki. “Ile mara ya kwanza walipopima moyo wake,” Wanja aliuliza, “walikwambia nini hasa?” Akasikiliza. “Kwamba uko sawa. Na hawakupima tena mpaka lini?” Akapunguza moto wa jiko. “Hapana, hakuna shida. Nilitaka tu nisikie tena kutoka kwako.” Aliporudi alipakua githeri ya mahindi na maharagwe katika sahani mbili, akakata parachichi, akala yote. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Ila niliacha kufikiri kwamba alikuwa mkaidi.

Kuanzia siku iliyofuata, kila asubuhi kabla ya darasa, Wanja aliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Profesa. Hakubeba karatasi yoyote. Profesa akifika alimsalimu, “Habari ya asubuhi, Prof,” naye akajibu, “Mzuri, Wanja,” akaingia na kufunga mlango. Wafanyakazi walianza kulizunguka benchi lile kana kwamba kuna mgonjwa. Katika siku hizo niliitwa kwenye hospitali moja ya Meru, nafasi ya kudumu, nikatakiwa kuripoti mwanzo wa mwezi. Nilipiga simu kuomba wanisubiri miezi michache, wakasema hawawezi. Shangazi yangu wa Nkubu, ambaye ndiye alinitafutia nafasi hiyo, alinipigia siku ileile. “Kananu, nimesikia vizuri? Unawacha kazi ya kudumu kwa sababu ya panya?” Nikamwambia ndiyo, shangazi, ni kwa sababu ya panya. Aliguna, akaniuliza kama nimepata mchumba huko Embu, kwa maana hilo angelielewa. Sasa ninapokumbuka, nashangaa jinsi uamuzi ule ulivyokuwa mwepesi. Mimi ndiye niliyepima kila mmoja wa mioyo ile. Sikutaka kwenda kupima watu Meru huku nikijua nimeacha nyuma picha za uongo zinazosema ni za mkono wangu.

Wanja aliketi kwenye benchi, lakini mimi si mtu wa kuketi. Siku moja nilibisha mlango wa Profesa mwenyewe, jambo ambalo fundi wa mkataba hakuwa akilifanya, nikamwambia, “Profesa, njoo uone tu. Hutaulizwa kitu, hutasaini kitu. Uone kwa macho.” Alinitazama kwa muda, akainuka. Sijui kwa nini alikubali. Nadhani alikuwa amechoka kupita mbele ya lile benchi.

Ukungu ulikuwa umeshuka vizuri asubuhi hiyo. Nilimwandaa panya wa maji ya chumvi kwenye kibao kitupu, nikampa Profesa proba aishike mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mzito kama wangu wa mwanzo, nikamwegemezea taulo. Vilima vilikuwa vimelala. “Huyu alipewa dawa?” akauliza. Nikasema, “Hapana, Profesa. Hajawahi kudungwa.” Wanja alileta chupa ya maji moto, akailaza pale, na tukasubiri sote watatu. Moyo ukaanza kuinuka. Profesa alisogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akakipangusa kwa mkono wa koti, akaendelea kutazama hata baada ya kutokuwa na kitu kipya cha kuona. “Na wale wote wa asubuhi?” akauliza. Wanja akasema, “Wote, Prof.” Profesa alinirudishia proba, akachukua kitambaa chenye maji vuguvugu, akampangusa mnyama jeli kifuani mwenyewe, taratibu, akatoka.

Kesho yake Wanja alikuwa benchini kama kawaida. Profesa alifungua mlango, akauacha wazi. “Ingia,” akasema. “Tuna barua mbili za kuandika.” Moja ilikuwa ya kamati ya wanyama. Ya pili ilikuwa ya kuondoa kazi yetu kwenye kongamano.

Kamati iliuliza maswali yote aliyoyaogopa, na ikatupa wanyama wachache kuliko tulioomba. Tulikubali, kwa sababu uzuri wa picha ni kwamba panya mmoja unaweza kumfuata tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumpasua mwingine kila wiki. Fundi wa mjini alitutengenezea kitanda cha joto kwa balbu ya kulea vifaranga, chini ya bati jembamba, na tukanunua kipimajoto. Kabla ya kila kipimo tulisubiri mpaka mwili wa mnyama ufikie joto lake. Aliyetangulia alichaguliwa kwa kuchomoa kizibo cha soda chenye namba kutoka kwenye sufuria, na mimi sikuambiwa nani alipewa dawa na nani maji ya chumvi. Ilikuwa kazi ya polepole kupita kiasi. Kuna asubuhi tulizopima wawili tu. Wanja alipunguza safari za Karurumo, na mara mbili mume wake alimleta Mutugi, ambaye alisimama mlangoni, akaambiwa asiguse, akauliza kama panya wanaota ndoto.

Wiki ya pili nilipima nikiwa nimeshika pumzi, na sikuona tofauti yoyote kati ya mnyama na mnyama. Wiki ya tatu vilevile. Kulikuwa na siku nilifikiri tutamaliza bila kuona kitu, na nikaogopa kumtazama Wanja. Alisema tu, “Joto lake ni ngapi? Endelea.” Baadaye sana, mioyo michache ikaanza kuchelewa kujikunja, kidogo mno, kiasi kwamba nilirudia kila kipimo. Wiki zilizofuata mioyo hiyo ikaongezeka. Wanja alipofungua orodha ya namba mwishoni, wote wenye mioyo hiyo walikuwa wale wa dawa. Udhaifu ulikuwa wa kweli, ulikuja kwa kuchelewa, na haukuwa na grafu ya kumfanya mtu anunue keki. Wanja aliegemea sinki akalia, mara ya kwanza na ya mwisho niliyomwona akilia mwaka ule. “Angekuwa amepimwa tena,” akasema kwa Kiembu. Nilimshika bega. Kisha tukawarudisha wanyama waliolala kwenye vizimba vyao vyenye joto.

Profesa aliitisha mkutano wa wakuu walewale aliowaonyesha grafu ya kwanza. Ukumbi ulikuwa umejaa, chai imekwisha kugawiwa, na watu walidhani wamekuja kusikia mwendelezo wa habari njema. Alisimama na koti lake, akaitundika grafu ya zamani ukutani. “Niliwaonyesha hii,” akasema. “Si ya kweli. Tulipima wanyama wakiwa na baridi.” Mtu wa mbele aliuliza kosa liligunduliwa na nani. “Wanja na Kananu,” akajibu. “Waliniambia, na nikakataa. Walinisubiri mpaka nikakubali.” Hakuongeza neno la kujitetea. Aliishusha grafu mwenyewe, akaikunja, akaketi mstari wa mbele kama mwanafunzi. Wanja akaenda mbele, akazima taa, na kwenye ukuta ikatokea safu ya vilima vilivyosimama sawasawa.

“Huyu ni panya aliye hai, na ana joto,” akasema. “Tuanze naye.”